Miaka mitatu ya chai pamoja, na bado sijamwambia

Swali: "Nauza madera na shela kwenye kibanda kidogo ndani ya jengo moja la maduka, Eastleigh. Jirani yangu ni mama Msomali, Mwislamu. Miaka mitatu tumekunywa chai pamoja. Nilienda harusi ya mdogo wake, naye akanishikia duka nilipojifungua. Tuko chama kimoja cha kuchangiana pesa kwa zamu. Habari za Yesu sijawahi kumweleza hata siku moja. Kanisani tunaambiwa tuwe na ujasiri, na kila Jumapili natoka pale nikijiona mnafiki. Lakini nikitaka kufungua mdomo naona nitampoteza. Nianzie wapi?"

Dada, barua yako imefunga vitu viwili kwenye fundo moja: ujasiri na makelele. Tuyafungue.

Neno ambalo Biblia zetu zinalitafsiri "ujasiri" katika Matendo ya Mitume, kwa Kigiriki ni parresia. Lilikuwa neno la barazani: raia huru anasimama na kusema analoamini bila kumung'unya. Sauti kubwa haimo ndani yake, wala haraka, wala kumshinda mtu kwa hoja. Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, aliwaomba Waefeso wamwombee aweze kusema hivyo (Waefeso 6:19-20), kwa hiyo hata yeye hakuwa nao mfukoni. Naye Petro anapotuagiza tuwe tayari kueleza tumaini letu, anaongeza "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15), wala haoni kama amepunguza kitu. Kinachopingana na ujasiri wa namna hii ni kuficha.

Kwa kipimo hicho, kosa lako ni dogo kuliko unavyodhani, lakini lipo. Rafiki anayejua bei unayochukulia mzigo na anayejua shida za nyumbani kwako hajui kile unachokiita kikubwa kuliko vyote. Anajua tu kwamba wewe ni Mkristo, na hapa Nairobi neno hilo halimwambii mengi. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakristo kuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya, na Waislamu karibu asilimia 11. Kwa mtu wa Eastleigh, "Mkristo" ni mwenye baa, ni kondakta aliyemtukana, ni askari aliyemdai kitambulisho, na ni wewe pia. Usishangae akidhani imani yako ni jambo la kabila na jina la cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu huyo askari, sikumtaja bure. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kabla hujamweleza lako, muulize siku moja miaka ile ilikuwaje kwa jamaa zake, kisha unyamaze. Usimkatize kwa kumkumbusha mashambulizi ya kigaidi yaliyotangulia, anayajua. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuiona ni siasa. Lakini mtu ambaye hajawahi kusikilizwa na Wakristo ana sababu nzuri ya kutowasikiliza.

Sasa, mlango. Usisubiri "nafasi nzuri ijitokeze". Umeingoja miaka mitatu. Omba ruhusa waziwazi, kwa maneno kama haya:

"Tumejuana siku nyingi na sijawahi kukueleza kinachonishikilia maishani. Niliogopa ungedhani nataka kukuvuta kwa nguvu. Ningependa siku moja unipe dakika kumi nikueleze, nawe unieleze yako. Ukisema hapana, chai iko pale pale."

Kila sehemu ina kazi yake. Kukiri hofu kunamwonyesha kwamba kimya chako hakikuwa dharau. "Dakika kumi" inampa mwisho wa mazungumzo kabla hayajaanza. Mwenye duka hawezi kukubali kitu kisicho na kikomo. "Nawe unieleze yako" inafanya mlango uwe wa pande mbili. Hilo lazima uwe unalimaanisha: akitaka kukualika wewe kwenye Uislamu, ana haki ileile uliyo nayo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu kuishika na kuifundisha dini yake, na kinakataza mtu kulazimishwa. Na sentensi ya mwisho inamwachia njia ya kutoka. Asipokuwa na njia ya kukataa, atakukubalia kwa adabu na moyoni atakuwa amefunga.

Chagua saa. Asubuhi kabla wateja hawajajaa inafaa. Ijumaa adhuhuri haifai, wala jioni ya Ramadhani mtu akihesabu dakika za kufuturu. Kwetu hapa karibu na ikweta jua halibadiliki sana: mwaka mzima magharibi huangukia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, kwa hiyo usimshike kwa mazungumzo mazito saa hizo.

Tatizo lako halisi, nadhani, litakuwa maneno zaidi ya hofu. Kiswahili cha kanisani na Kiswahili cha msikitini vimechota kisima kimoja. Imani, dhambi, toba, rehema, malaika, nabii, Shetani: yote yametoka Kiarabu na nyote mnayatumia. Ni baraka, na ni mtego pia, kwa sababu mnaweza kuzungumza saa nzima kila mmoja akisikia kitu chake.

Ukisema "Mtume" bila jina, yeye anamwona Muhammad, wewe unamfikiria Paulo. Ukisema "Roho Mtakatifu", kwa mafundisho ya Waislamu wengi huyo ni malaika Jibrili. "Injili" kwake ni kitabu alichoteremshiwa Isa. Kwako ni habari ya jambo lililotendeka, kwa hiyo sema tu "habari". "Nimeokoka" anaweza kuisikia kama jina la kikundi cha watu wasiokunywa pombe wanaopiga vipaza sauti usiku. Na "nimeoshwa kwa damu" iache kabisa kwa sasa: kwa mtu ambaye damu inamtia najisi kabla ya swala, umemwambia umesafishwa kwa uchafu. Maana yake utaifikia kwa njia nyingine.

Kubwa kuliko yote ni "Mwana wa Mungu". Atakachosikia ni kwamba Mungu alikuwa na mke, na hilo ni kufuru kwake, kama lilivyo kufuru kwako. Mwambie hivyo kwanza: "Hata sisi tunakataa kwamba Mungu alizaa kwa mwili." Kisha Kiswahili chenyewe kitakusaidia. Mwananchi hakuzaliwa na nchi. Mwanamaji hana mama aitwaye bahari. "Mwana" katika lugha yetu hubeba uhusiano kabla ya kubeba uzazi. Mfano huu unafanya kazi moja tu, kuondoa picha ya mwili. Usiutegemee kueleza Kristo ni nani. Kwa hilo nenda Yohana 1:1 na 1:14, kwamba Neno aliyekuwa kwa Mungu, naye akiwa Mungu, alifanyika mwili. Qurani nayo inamwita Isa neno litokalo kwa Mungu, ingawa haimaanishi tunachomaanisha sisi.

Hapa niseme wazi msimamo wangu, kwa sababu wapo walimu wa uinjilisti wanaofundisha kinyume: usijaribu kuthibitisha imani yako kwa kutumia aya za Qurani. Yeye anaijua kuliko wewe, pengine sehemu kubwa kwa moyo na kwa Kiarabu, na ataona unatumia kama ngazi kitabu usichokiamini. Kisome kwa ajili ya kumwelewa. Tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilichapishwa hapahapa Nairobi mwaka 1969; anza na sura ya 19, Maryam, ujue ni mangapi tayari anayaamini kuhusu Isa.

Dakika kumi zako zikifika, usitumie zote. Ujumbe wenyewe ni wa dakika moja na nusu, na uliobaki ni muda wa maswali yake. Unaweza kusema hivi, kwa lugha ya wafanyabiashara:

"Naamini Mungu ni mmoja, ndiye aliyetuumba. Naamini kila mtu amekopa kwake kuliko anavyoweza kulipa. Hata mema yangu hayapunguzi deni, maana hayo mema nilikuwa nadaiwa tangu mwanzo. Mungu angeweza kunidai. Badala yake alikuja kwetu katika Isa Masihi, ambaye sisi tunamwita Yesu. Yeye hakuwa na deni. Aliuawa msalabani akabeba langu, na siku ya tatu akafufuka. Kwangu hiyo ndiyo risiti kwamba limelipwa. Kwa hiyo sisali ili nikubaliwe, nasali kwa sababu nimekubaliwa. Najua dini yako inasema tofauti kuhusu msalaba, na tofauti hiyo siifichi."

Usiiondoe sentensi ya mwisho. Sura ya 4 ya Qurani, aya ya 157, inasema hawakumwua Isa wala hawakumsulubu. Ukipita hapo kimyakimya ili mazungumzo yaende vizuri, utakuwa umemficha palepale unapopaswa kuwa wazi.

Swali litakalofuata karibu linajulikana: "Mungu si anaweza kusamehe tu? Kwa nini mtu afe?" Ni swali zuri na usilijibu kwa kukariri. Mrudishe dukani. Mteja akichukua madera matano kwa mkopo, akashindwa kulipa, nawe ukamsamehe, deni limekwenda wapi? Halikuyeyuka. Mwenye duka amekula hasara. Kila msamaha wa kweli una mtu aliyekula hasara, na dai la Wakristo ni kwamba Mungu aliila yeye mwenyewe, bila kumtwika mtu mwingine asiyehusika. Ndiyo maana Yesu ni nani ni jambo la lazima kwenye hesabu hii: kama ni mtu wa kando tu, basi msalaba ni dhuluma, na rafiki yako atakuwa na haki ya kuukataa.

Lakini picha ya deni ina upungufu. Kwa watu wengi wa Kisomali (na kwa Wakenya wengi wa vijijini, tukisema ukweli) kinachouma zaidi ya deni ni aibu: jina la familia limechafuliwa, nani atalisafisha? Kwa hiyo akikubali kusoma kitu pamoja nawe, mpe Luka 15:11-32. Kijana anadai urithi baba akiwa hai, na hiyo ni sawa na kumwambia baba heri angekuwa amekufa. Yeye ataliona hilo haraka kuliko watu wa kanisani kwako. Anafika mpaka kulisha nguruwe, na hapo hutahitaji kumweleza chochote. Kisha baba mzee anakimbia njiani mbele ya kijiji kizima. Muulize: kwenu, mzee wa heshima anaweza kukimbia hivyo? Watu wangesema nini? Baba anajivika aibu ili mtoto asiingie nayo. Nyamaza hapo, usimalizie wewe.

Someni dakika ishirini, thelathini zikizidi sana, na maswali yawe matatu tu: hapa tunaona nini kuhusu Mungu, tunaona nini kuhusu watu, na kama ni kweli kingebadilika nini? Baada ya Luka 15, Marko 2:1-12, ambapo waandishi wenyewe wanauliza ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu. Baadaye Mwanzo 22. Anaijua habari ya Ibrahimu kwa sababu ya Idi ya kuchinja. Msibishane jina la mtoto: Biblia inasema Isaka, Waislamu wengi wanasema Ismaili, Qurani haimtaji jina katika simulizi hiyo. Kaeni na mnyama aliyechinjwa badala yake, kisha Isaya 53, kisha Yohana 1:29. Hapo ndipo ile "damu" tuliyoiacha inapata maana. Mwisho kisa chote cha kifo na kufufuka, Yohana 18 hadi 20. Kama Kisomali kinamgusa zaidi, Biblia nzima kwa Kisomali imekuwapo tangu 1979.

Na tazama Biblia yako mwenyewe. Kama imepigwa mistari ya wino wa njano, ina risiti za matatu ndani, na huwa unaiweka sakafuni chini ya kiti, anachoona ni kwamba wewe hukiheshimu kitabu chako. Tumia nakala safi, iweke juu ya meza, juu ya vitu vingine.

Akisema Biblia ilibadilishwa, jibu fupi linatosha. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 liliandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo, na sura ya 53 imo. Codex Sinaiticus, nakala ya kale ya Biblia kwa Kigiriki ambayo sehemu yake kubwa iko London, ni ya karne ya 4, miaka zaidi ya 200 kabla ya Muhammad. Na uwe mkweli: mwisho mrefu wa Marko (16:9-20) na kisa cha mwanamke mzinzi katika Yohana 8 havimo katika Codex Sinaiticus hiyo, na Biblia nyingi huandika hivyo pembeni. Ukiisema hiyo wewe kabla hajaisema yeye, hoja haitakuwa fimbo. Kisha rudini kusoma.

Yanayoharibu urafiki huu kwa kawaida hayatokei kwenye maongezi. La kwanza ni simu. Usiweke jina lake, picha yake wala duka lake kwenye kundi la maombi la WhatsApp. Kanisani ni "mwombeeni dada wetu Msomali wa duka la pili". Kufikia jioni limeshafika kwa mtu anayemjua shemeji yake. Kwa jamii yake kudhaniwa tu kwamba anaiacha dini kunaweza kumgharimu ndoa, watoto, biashara, hata usalama. Omba maombi bila jina, bila kabila, bila mtaa.

La pili, watoto wake. Usiwafundishe wimbo wala hadithi ya Biblia bila yeye kujua. Hapo umevunja amana, na angekuwa yeye amefanya hivyo kwa mtoto wako usingemsamehe upesi. La tatu, msaada. Ukimkopesha pesa au ukimpeleka hospitali, wiki hiyo usizungumze dini isipokuwa yeye aulize. Msaada unaofuatwa na mahubiri unageuka chambo, hata kama hukukusudia. La nne, Muhammad. Huna haja ya kumsema vibaya ili kumsema Yesu vizuri. Akikuuliza unamwonaje, jibu kwa heshima kwamba humfuati, na kwamba ungependa kueleza unayemfuata. La tano ni dogo lakini linaudhi: "waria". Kwa Kisomali ni kama "ewe!" la kumwita mwanamume; Nairobi tumeligeuza jina la kabila zima. Liache.

Anapopata msiba au ugonjwa, unaweza kumwambia: "Naomba nikuombee sasa hivi, nami huomba kwa jina la Yesu. Ni sawa?" Useme hilo la jina kabla, lisimvamie katikati. Dakika moja, sauti ya kawaida, viganja wazi. Mtindo wa kesha ubaki kesha.

Umwalike nyumbani pia, maana miaka mitatu ya chai ya dukani bado ni ujirani wa biashara. Nyama itoke bucha ya halali na umwambie ni ipi. Kama sufuria zako zimewahi kupikia nguruwe, sema, au agiza chakula kutoka hoteli anayoiamini. Mbwa afungwe nje. Tenga mkeka safi na pembe ya chumba. Kutoka Nairobi kibla ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo tu. Ombea chakula kama unavyoombea kila siku, bila kurefusha kwa ajili yake.

(Kama anayesoma hapa ni mwanamume, yote haya ayapeleke kwa rafiki mwanamume. Kwa mwanamke amwachie mke au dada yake.)

Akisikiliza, akatabasamu, akabadilisha mazungumzo? Mwache. Umesema, naye amesikia; hulazimiki kurudia kila wiki. Baada ya miezi kadhaa unaweza kumuuliza mara moja kama angependa kuendelea. Akikukatalia wazi, mshukuru kwa kukusikiliza.

Akiamini, punguza mwendo. Asihimizwe kusimama mbele ya kanisa, asipigwe picha, asibadilishwe jina, wala asishauriwe kuhama kwao ikiwa yuko salama. Mtafutie mama mmoja mkomavu katika imani, anayejua kunyamaza, wakutane watatu pamoja nawe. Lini aseme kwa familia yake, na kwa maneno gani, ni uamuzi wake. Ubatizo utasubiri hadi ajue vizuri utamgharimu nini na nani atakuwa naye siku inayofuata.

Na kwa vyovyote atakavyojibu, zamu yake ya chama ikifika mpelekee mchango siku ileile.